Waya mwembamba, safari ndefu: Nani anakunywa LUKU yako?

Na Mwandishi Wetu

EE bwana, hebu jibu maswali haya upesi upesi, wala usizuge. Feni ya geto lako inazunguka kama imelazimishwa? Jagi la umeme linachemsha maji mpaka unasahau kama uliliwasha? Friji linanguruma "nguuu", linanyamaza, baada ya muda linanguruma tena na soda bado vuguvugu? Na LUKU je? Uniti unaingiza jioni, asubuhi ukichungulia zimepungua utadhani kuna mtu kazinywa kwa mrija?

Kama umejibu "ndiyo" hata kwa mawili tu, usikimbilie kuwalaani TANESCO. Wala usimtazame kwa jicho baya mpangaji mwenzio wa chumba cha pili. Mchawi wako huenda yumo humo humo kiwanjani, mchana kweupe, amening'inia kutoka nyumba kubwa, kapita juu ya kamba ya kuanikia nguo, kaegemea mwembe, hadi kwenye dirisha lako.

Mchawi mwenyewe ni waya!

Si waya mbovu, la. Unaweza kuwa mpya kabisa, wa dukani, wenye nembo zake zote. Kosa lake ni moja tu: ni mwembamba kwa safari uliyoupa.

MITA ZIKO MBILI BWANA

Maisha ya mjini ni ya kusogezana. Baba mwenye nyumba anajenga nyumba kubwa, mita ya LUKU inafungwa pale mbele. Baada ya miaka miwili mitatu anapata mshiko, anainua banda la uani la vyumba vinne, wapangaji wanaingia. Kijana wake naye amechoka kukaa kijiweni, anafungua saluni pale barabarani. Mama naye anataka pampu ya kisima. Kila mmoja anataka umeme, na umeme wote unatoka pale pale.

Basi anaitwa fundi. Swali la kwanza analoulizwa: "Bei gani?" La pili: "Hamna wa bei ya chini ya hapo?" Mchezo umekwisha. Fundi wa watu anafanya nini? Anakwenda kununua waya wa milimita 1.5, ule wa taa, anauvuta kutoka sebuleni hadi uani. Taa inawaka, watu wanapiga makofi, fundi anakula kona.

Tatizo ni kwamba mita ziko mbili. Kuna mita ya LUKU ile ya ukutani, na kuna mita za umbali zinazopimwa kwa futi kamba. Watu wa mjini wanaijua ile ya kwanza kwa moyo, mpaka namba zake kumi na moja wamezikariri. Zile za pili hakuna anayezihesabu. Na hizo ndizo zinazokula!

MPIRA WA MAJI UNAJUA SIRI HII

Kama umewahi kumwagilia bustani au kuosha gari, hili unalijua. Funga mpira wa maji mfupi bombani, maji yanaruka. Unga mipira mitano iwe mirefu kama uwanja, mwisho wa safari maji yanachuruzika tu kwa huruma. Bomba ni lile lile, mgandamizo ni ule ule. Nguvu imeishia njiani, ikisuguana na kuta za mpira. Ukitaka maji ya maana kwa umbali ule, huna ujanja: chukua bomba nene zaidi.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Volti ndiyo nguvu inayosukuma. Ampea ndio wingi wa umeme unaopita. Waya, hata uwe shaba safi namna gani, una ukinzani wake. Ukiwa mrefu mara mbili, ukinzani unakuwa mara mbili. Ukiwa mnene mara mbili, ukinzani unapungua nusu. Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule, alilichapisha jambo hili kitabuni mwaka 1827, na mpaka leo hakuna fundi wala mganga aliyeipindua kanuni yake.

Volti zinazopotea njiani haziendi peponi. Zinageuka joto ndani ya waya. Yaani wewe unanunua umeme wa kupasha moto waya ulioko juu ya mwembe!

Wala usidhani ni shida ya Mbagala na Manzese peke yake. Thomas Edison mwenyewe ilimtoa jasho. Alipofungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, akiuza umeme wa volti 110 hivi, wateja wake ilibidi wawe jirani, umbali usiozidi kilometa moja na nusu hivi. Kwenda mbali zaidi kulihitaji shaba nene kiasi cha kufilisi kampuni.

Siku hizi wakubwa wana ujanja wao. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, unasafirishwa hadi Chalinze kwa volti 400,000. Volti zikiwa nyingi hivyo, ampea zinakuwa chache kwa kazi ile ile, na ampea zikiwa chache, hasara ya njiani inapungua sana. Wewe na mimi ujanja huo hatuna. Ukutani kwetu ni volti 230, basi. Silaha iliyobaki mkononi ni moja: unene wa waya.

NAMBA SITA ZA KUBANDIKA UKUTANI

Sasa tuingie jikoni. Usiogope, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, na simu yako ina kikokotoo.

Kwanza elewa hili: ukisikia waya wa 2.5, si upana wake. Ni eneo la shaba ukiukata na kuutazama usoni, milimita za mraba. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja mnene una kipenyo cha milimita 1.78 tu.

Kila saizi ya waya wa shaba ina namba yake ya hasara. Namba hiyo inasema ni milivolti ngapi (elfu moja ni volti moja) zinapotea kwa kila ampea moja katika kila mita moja. Zishike:

Waya wa 1.5 – namba yake 29
Waya wa 2.5 – namba yake 18
Waya wa 4 – namba yake 11
Waya wa 6 – namba yake 7.3
Waya wa 10 – namba yake 4.4
Waya wa 16 – namba yake 2.8

Njia ni hii: chukua namba ya waya, zidisha kwa ampea, zidisha kwa mita, kisha gawa kwa 1,000. Unapata volti zinazopotea. Mita unazipima mara moja tu, kwenda. Safari ya kurudi imeshahesabiwa ndani ya namba.

Ampea unazipataje? Geuza kifaa chako, soma wati zilizoandikwa nyuma au chini yake. Jumlisha wati za vyote vitakavyowashwa kwa pamoja, gawa kwa 230. Kwisha kazi.

Na hasara inayoruhusiwa ni ipi? Kanuni za Waingereza za kufunga umeme majumbani, BS 7671, zinataka hasara isizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vifaa vingine. Kwa umeme wa 230 hiyo ni volti 6.9 kwa taa na volti 11.5 kwa vingine. Hesabu inaanzia pale umeme unapoingia nyumbani kwako, si pale waya wa uani unapoanzia.

GETO LA UANI, MITA 30

Tuanze na kijana wa geto. Ana televisheni wati 100, feni wati 60, friji dogo wati 150, taa wati 20, na pasi wati 1,000 maana hataki kutoka na shati lenye mikunjo. Jumla wati 1,330. Gawa kwa 230, ni kama ampea 6.

Kwa waya wa 1.5: 29 mara 6 mara 30, gawa kwa 1,000. Jibu volti 5.2. Safi, hana tatizo.

Lakini mwezi wa pili shemeji yetu kahamia, na jagi la umeme la wati 2,000 kaja nalo. Jumla sasa wati 3,330, ampea 14.5. Hesabu tena: 29 mara 14.5 mara 30, ni volti 12.6. Mpaka umevukwa! Tena waya wa 1.5 uliopitishwa bombani ndani ya ukuta unastahili kubeba ampea 15 hivi tu, kwa hiyo hapo uko ukingoni mwa shimo. Kwa waya wa 2.5 hasara ingekuwa volti 7.8, na kwa wa 4 ni volti 4.8.

Funzo: waya wa safari ndefu haununuliwi kwa vitu ulivyonavyo leo. Unanunuliwa kwa vitu vya mwakani, na vya shemeji.

SALUNI YA BARABARANI, MITA 50

Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha. Saluni ina drai ya kofia wati 1,000, drai ya mkono wati 1,800, na mashine za kunyolea, feni, redio na taa tuseme wati 200. Jumla wati 3,000, ampea 13.

Waya wa 1.5: hasara volti 18.9. Zinazofika ni 211.
Waya wa 2.5: hasara volti 11.7. Umekosa kwa wembamba wa unywele.
Waya wa 4: hasara volti 7.2. Hapo sawa kwa drai, ila taa bado zinalalamika kidogo.
Waya wa 6: hasara volti 4.7. Kila mtu ana raha.

Umeona maajabu? Waya wa 2.5, ambao kila fundi anakuambia "huu wa soketi, huu ndio wenyewe", unazibeba ampea 13 bila kutoka jasho. Kinachouangusha si mzigo, ni umbali. Soketi ya chumbani iko mita 8 kutoka kwenye breka. Saluni yako iko mita 50. Waya ni ule ule, kazi si ile ile.

Na usidhani volti 19 ni kitu kidogo. Nguvu ya kitu cha kupasha moto haishuki sawa na volti, inashuka zaidi. Volti zikitoka 230 kuwa 211, joto la drai linashuka kwa asilimia 16 hivi. Sasa ongeza jambo la usiku: saa moja hadi saa nne, mtaa mzima umewasha, na umeme unaofika nyumbani unaweza kuwa umeshuka hadi 210 kabla haujaugusa waya wako. Toa hasara yako, unabaki na 190 na kitu. Drai inafanya kazi kama asilimia 70. Dada wa watu kakaa chini ya kofia kutwa, nywele hazikauki. Kesho anahamia saluni ya jirani, halafu wewe unasema umerogwa!

SASA TUZUNGUMZE UNITI

Hapa ndipo patamu. Kwenye saluni ile ya waya wa 1.5, volti 18.9 zinapotea huku ampea 13 zinapita. Zidisha, ni kama wati 245. Hizo ndizo wati zinazopasha moto waya, hazinyoi mtu wala hazikaushi nywele.

Drai zikifanya kazi saa nne kwa siku, hiyo ni karibu uniti moja nzima. Kwa siku 26 za kazi, uniti 25 za mwezi zimekwenda na upepo. Ungetumia waya wa 4, hasara ingekuwa wati 93, yaani kama uniti 10 kwa mwezi. Tofauti uniti 15 na ushee, kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti unayonunulia, kisha linganisha na pesa uliyodhani umeokoa siku ile ulipomwambia fundi "weka tu huo huo".

Waya mnene unaulipa mara moja. Waya mwembamba unaulipa kila unapobonyeza zile namba ishirini za tokeni.

MOTA HAIPENDI UTANI

Kwa drai na pasi, volti zikipungua kazi inachelewa tu. Kwa friji na pampu ni msiba. Mota inapoanza kuzunguka inavuta ampea nyingi, mara tano au zaidi ya zile za kawaida, kwa nukta chache.

Chukua pampu ya kisima ya nguvu ya farasi mmoja, iko mita 80 shambani. Ikishazunguka inakula kama ampea 6. Inapoanza, tuseme ampea 30. Kwa waya wa 1.5, pale mwanzoni tu zinapotea karibu volti 70! Mota inapelekewa volti 160 na inaambiwa "haya, nyanyua maji". Inang'ang'ana, inanguruma, haizunguki, inapata moto, nyaya zake za ndani zinaungua. Unaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, anaisuka, unairudisha pale pale kwenye waya ule ule, inaungua tena. Unasema pampu feki.

Kwa waya wa 4, mota ile ile inapoanza inapata volti 204, na ikishazunguka hasara ni volti 5.3 tu. Inaondoka yenyewe bila kubembelezwa.

Friji nalo lina mota ndani. Ule mngurumo wa "nguuu" halafu kimya, mara nyingi ndiyo dalili hiyo hiyo.

Hapa kuna mtego wa siku hizi. Zamani tulikuwa na globu, zile za waya mwekundu ndani. Volti zikishuka globu inafifia, inakuwa ya njano kama kibatari, hata mtoto anajua mambo si mazuri. Globu ilikuwa mpelelezi wako wa bure. Leo tuna taa za LED, na nyingi zinawaka vizuri hata volti zikishuka sana. Taa inang'aa, wewe unajua uko salama, kumbe friji linakufa polepole gizani. Dawa ni mita ndogo ya fundi ya kupimia volti. Pima kwenye soketi ya uani vitu vyote vikiwa vimezimwa, kisha washa pasi na jagi, pima tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara, na sehemu kubwa yake ndiyo inayoliwa na waya wako.

SHOTI ISIYOKATA BREKA

Mpaka hapa tumezungumzia pesa. Sasa ni roho.

Kila mtu anaamini kwamba shoti ikitokea, breka itakata. Ni kweli pale karibu. Huko mbali inategemea. Breka inakata papo hapo ikiona ampea nyingi za ghafla. Breka ya ampea 32 ya aina ya C inaweza kusubiri hadi ampea zifike 320 ndipo ikate mara moja.

Sasa shoti itokee mwisho wa ule waya wa 1.5 wenye mita 80. Ukinzani wa waya wenyewe unaibana shoti. Hesabu inasema hazitapita hata ampea 100. Kwa breka, hizo si za kustukia. Inatulia, inasubiri mpaka ipate joto. Kwa waya wa watu uliozoea ampea 15, mia moja ni jehanamu. Katika muda wa nukta chache tu plastiki yake inaanza kuharibika, na kama umepita kwenye dari ya mbao, juu ya magodoro ya wapangaji, sina haja ya kukumalizia hadithi. Asubuhi utasikia "chanzo ni hitilafu ya umeme".

Ndiyo maana ule ujanja wa mitaani wa kuondoa breka ya 16 inayokatakata na kuweka ya 32 "ili isisumbue" si ujanja, ni kujitafutia msiba. Breka haipo kulinda friji lako. Ipo kulinda waya. Kanuni yake ni fupi: ampea za vifaa zisizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Breka ikikatakata, inakupigia kelele kwamba waya na mzigo havilingani. Usimzibe mdomo anayekuonya.

Na waya wa tatu, ule wa kijani wenye mistari ya njano, usiuache dukani eti "wa nini, mbona taa inawaka na miwili?" Siku bodi ya friji la chuma ikipata umeme, huo ndio unaokata breka kabla mtoto hajaushika mlango. Nao usiwe uzi.

Joto letu nalo lina lake. Uwezo wa waya unaoandikwa vitabuni umehesabiwa kwa hewa ya nyuzi 30. Chini ya bati saa nane mchana, darini, nyuzi 50 si ajabu. Kwenye joto hilo waya wa kawaida wa plastiki unabakiwa na asilimia 71 tu ya uwezo wake. Ule wa ampea 15 unakuwa wa ampea 10 na kitu. Huo nao uhesabu.

DUKANI USIUZIWE SURA

Umeshajua unataka saizi gani. Sasa unaingia mjini, na mjini kuna wajanja kuliko wewe. Waya umeandikwa 2.5, ndani ni 2 au pungufu. Au unang'aa rangi ya shaba nje, ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba kama binti aliyepakwa poda. Aluminiamu tupu ina ukinzani wa mara 1.6 hivi ya shaba, kwa hiyo zile namba sita zote zinakuwa uongo.

Fanya haya. Kata ncha, kwaruza kwa wembe. Ukiona weupe wa sufuria ndani, rudisha. Beba rola mkononi: rola la mita 100 la waya mmoja wa 2.5, shaba yake peke yake ina uzito wa kilo 2.2 hivi, la 1.5 ni kilo 1.3 hivi, na hapo bado plastiki. Rola la 2.5 likiwa jepesi kama mkate, si shaba hiyo. Soma maandishi kwenye waya wenyewe, si kwenye karatasi, na utafute alama ya TBS. Ukibabaishwa bei kwamba "huu ni ule ule ila wa bei poa", jua kuna kitu kimepungua humo ndani, na si faida ya mwenye duka.

KUVUTA KWENYEWE

Waya wa safari ndefu uwe mzima, usio na viungo. Kiungo cha kusokota na kufunga solotepu ni jipu, joto lote linakusanyika pale, na mvua za masika zinamalizia. Kama ni lazima uunge, unga ndani ya boksi, kwa viungio vya skrubu.

Unaopita chini, tumia kebo ile yenye nyaya za chuma zilizoizunguka, au upitishe kwenye bomba, uchimbie futi mbili, jembe la bibi lisiufikie. Unaopita juu, ushikwe na waya wa chuma wa kubebea, usining'inizwe kwa shingo yake wenyewe. Kamba ya nguo si nguzo!

Ekstensheni ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ukiitumia kwa mzigo mkubwa ifungue yote hata kama unahitaji mita tano. Ikiwa imejiviringa, joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka na nyaya zinagusana.

Na ukiona umbali ni mkubwa mno hesabu ikakutaka waya wa 16, simama kwanza. Pengine dawa ni kuhamisha sanduku la breka, au saluni kuomba mita yake yenyewe. Gharama za kuunganishwa zinategemea pia umbali na nguzo, kwa hiyo kauliza ulinganishe na bei ya shaba. Kumvutia umeme jirani wa kiwanja kingine hiyo usiiguse, ni kosa. Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Hesabu hii si ya kukufanya uwe fundi. Ni ya kukufanya usidanganywe.

Kwa hiyo siku fundi akija, usianze na "bei gani". Mpe futi kamba ashike ncha moja, wewe shika nyingine, mpime pamoja. Kisha mtajie wati zako na umwulize swali moja: "Fundi, mwisho wa waya huu nitapata volti ngapi?" Akitoa kalamu na karatasi, huyo ndiye. Akicheka na kusema "usijali kaka, itawaka tu", mpe nauli yake arudi zake.

Kuwaka itawaka. Swali ni nini kitakachowaka!